Kopo la Keza

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomgombeza mama mmoja mbele ya wenzake mpaka akaondoka, na mpaka leo sijamwomba radhi. Nimeiona barua yako pale mezani, ile ya kwenda hifadhini Biharamulo kwa mafunzo ya msimu. Nimeona pia unavyotembea kifua mbele tangu uipokee. Na mimi nilitembea hivyohivyo.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi wa Rwanda, ambapo ukisimama kilimani hapa Ngara unaona maturubai ya buluu mpaka macho yachoke. Nilikuwa nimemaliza shule, nipo tu nyumbani Mabawe napalilia maharage ya mama, nikapata kazi ya msimu katika kituo kidogo cha kutunza wanyama, kando ya pori upande wa Biharamulo. Asubuhi tulilisha wanyama na kusafisha mabanda. Baada ya hapo tulikwenda kambi ya jirani kufundisha mazingira, watoto kwanza, kina mama mchana: kuloweka maharage kabla ya kuyapika ili kuni zisiishe upesi, kujenga jiko la udongo, mti upi usiguswe. Mkuu wa kituo alitutangazia kuwa msimu ukiisha atabakiza mmoja wetu. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka mno.

Aliyetufundisha kazi ya mabandani alikuwa Mzee Bukuru, Mhangaza wa hapahapa kwetu aliyewahi kuwa mwindaji, mtu wa maneno machache. Siku alipoletwa mtoto wa mbawala, mama yake kanaswa na mtego wa waya, mzee alinikabidhi mimi.

"Mwekee maziwa, uondoke," aliniambia. "Usimwite, usimshike. Huyu atarudi porini. Inabidi awaogope watu."

Nikaitikia, ndiyo mzee. Nikatii juma moja.

Maziwa yake niliyabeba katika kopo tupu la mafuta ya msaada. Siku moja nililigonga kwa bahati tu, yule mbawala akaja mbio, masikio juu. Nikafurahi kama mtoto. Kesho yake nikagonga makusudi. Baada ya muda nikawa namchukua mpaka kwenye darasa la watoto kambini. Nagonga kopo, anapita katikati yao na kunijia, nao wanashangilia. Wao ndio waliompa jina la Keza, maana yake kwa lugha yao ni mzuri. Darasa langu likajaa kuliko ya wenzangu. Mkuu wa kituo akaleta wageni, wakapiga picha.

Mzee Bukuru akanikuta nikigonga.

"Anapenda mwenyewe, mzee," nikamwahi.

"Hapana," akasema. "Anayependa ni wewe."

Nilimwona mzee wa kizamani, asiyejua elimu. Nisamehe kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Mchana, kwa kina mama, ambao Keza hawakumjua kabisa, nilikuwa nafundisha usalama wanapokwenda kutafuta kuni. Porini kulikuwa na nyati. Nikawaambia: tembeeni mkigonga makopo, wanyama wakisikia watakimbia. Nikawaonyesha jinsi ya kugonga, kwa kopo lilelile la maziwa. Na haikunijia akilini, mwanangu. Nilisimama pale nimelishika mkononi na haikunijia.

Msimu ulipokaribia mwisho, Mzee Bukuru aliomba Keza atengwe kwanza, asione mtu wala kusikia kopo mpaka asahau. Mimi nikamwambia mkuu kuwa yuko tayari, kwa sababu wageni walikuwa bado wapo. Tukamwachia, wakapiga makofi. Keza aligeuka kunitazama, nami nikaona fahari.

Juma lililofuata, kwenye darasa la kina mama, akasimama Mama Daforoza. Alikuwa Mnyarwanda, mpole, alikaa mbele siku zote na mtoto mgongoni. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kujenga jiko la udongo nililofundisha. Siku hiyo uso wake uling'aa.

"Mwarimu, tuligonga makopo vile ulisema," akasema. "Mnyama mmoja hakukimbia. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye miguu yetu. Tukasema ni Mungu ametuletea. Watoto wamekula nyama, mwarimu. Asante."

Nikajua ni Keza. Badala ya kunyamaza, nikafoka. Nikamwita muuaji. Nikasema nyie watu mnamaliza kila kitu cha watu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mwanangu, kwa mtu aliyekuwa ananishukuru. Akakaza kanga ya mtoto mgongoni, akatoka.

Niliporudi kituoni nikamwamkia Mzee Bukuru, "Shikamoo." Hakuitikia. Hakuwahi kuniacha bila marahaba kabla ya siku ile. Habari ilikuwa imemfikia.

"Keza alifundishwa na nani kuwa kopo ni maziwa?" akaniuliza. "Na wale kina mama waliambiwa na nani wagonge?"

Nikaliweka kopo chini.

"Kesho asubuhi nenda ukamwombe radhi."

Sikwenda. Kesho yake niliona aibu, keshokutwa nikajipa kazi nyingi. Na kazi nikaipata, nilibakizwa mimi. Nikawa nasema nitakwenda, nitakwenda, mpaka wakimbizi wakaanza kurudishwa kwao. Nilipofika kambini, sehemu aliyokaa Mama Daforoza ilikuwa uwanja mtupu, vigingi na matambara. Nilipajua kwake kwa lile jiko. Lilikuwa limejengwa sawasawa kama nilivyofundisha, halina hata ufa. Nikaweka mkono ndani, majivu yamepoa. Nikachuchumaa pale nikalia, na hapakuwa na wa kumwambia nisamehe.

Basi mwanangu, nenda kafanye kazi. Mnyama wa porini usimfundishe kukupenda ili watu wakupigie makofi. Mwache akuogope, hiyo ndiyo salama yake. Mzee wa mabandani akikukanya, msikilize hata kama hana cheti. Jambo likiharibika, kabla hujamnyooshea mtu kidole jiulize wewe ulishika nini. Na ukimkosea mtu, mfuate siku hiyohiyo, angali yupo pale ulipomwacha.

Mungu akutangulie njia yote ya Biharamulo. Akupe mikono ya upole na subira kinywani. Na huko uendako, ukimkuta mama yeyote Mnyarwanda wa rika langu, mwamkie kwa heshima zote kwa niaba yangu.