Siku biro ya bandari ilikatala mikeke

Mama Pétronille wa Rugenge alitaka bidoni zake kumi, madumu ya mawese, zipande boti ya Kigoma siku ile. Bandari ilikuwa imefungua biro mupya, ofisi ya kusaidia wachuruzi na makaratasi ya kupeleka vitu inje ya inchi. Kwetu hauendake kwa mukubwa mikono mitupu, basi akabeba mu kitunga mikeke tatu, samaki ya ziwa, ya kuchoma.

Damien wa biro akairudisha. "Hapana, mama. Hapa tunasaidia bure."

 Mutu akikatala samaki yako, amekatala na neno yako. Pétronille akabeba kitunga yake, akatoka.

Damien akamufuata mu njia na karatasi yake yenye kashe, muhuri ya bandari. "Mama, weye unakimbilia wapi? Boti iko inakungoja."

"Minye nilizania umenifukuza, mwanangu."

Pétronille akacheka mpaka kitambala ya kichwa ikaanguka. Saa sita, bidoni zote zilikuwa ndani ya boti.