Nafasi ya Mvua

Refugio Olvera, ambaye Tepito nzima, mtaa wa mabondia jijini Mexico, inamwita Bi Cuca, ana kidole gumba kimoja kipana kuliko kingine. Ni cha kulia. Kilipanuka kwa miaka ishirini na miwili ya kusukuma singa za farasi, zile nywele za mkiani, ndani ya glavu za ngumi, na tangu sponji ilipoingia kwenye karakana ya glavu anakofanya kazi hakikurudi kufanana na mwenzake.

Siku ya kwanza alikuja kumletea dada yake, mshonaji wa hapo, chakula tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliweka bakuli mezani, akaona fungu la singa limekaa vibaya, akaanza kulichambua bila kuambiwa. Mzee Crescencio Zaldívar, mwenye karakana, alimtazama kidogo kisha akamsogezea kigoda. Mahojiano ya kazi yakawa yameisha.

Zamani hizo singa zilifika kwa magunia, zikinuka zizi. Bi Cuca alizichemsha, akazisokota kuwa kamba nene, akazitundika msumarini wiki sita. Mgeni angedhani zimesahauliwa pale. Kumbe singa iliyonyooka ilikuwa inajifunza kujikunja, na kamba ikifumuliwa mawimbi yanabaki. Glavu iliyojazwa mawimbi hayo haimfichi bondia ngumi yake mwenyewe. Anazihisi pingili za vidole, moja moja, zinapofika kwa mwenzake.

Mzee alipokufa, karakana ikawa ya mwanawe, Nabor. Nabor alileta sponji iliyokatwa tayari, akatupa magunia. Bi Cuca akapewa kazi ya kupitisha kamba za kufungia kwenye matundu. Alipitisha kamba miaka kumi na minane. Siku magunia yalipotupwa alibeba nyumbani kamba moja ya singa, akaitundika nyuma ya mlango wa jiko, na watoto wake walikua wakiipiga kikumbo kila walipoingia kula.

Halafu mwaka jana mabondia wakaanza tena kuuliza glavu za singa. Nabor yule yule sasa akawa anasema kwenye simu, kwa sauti ya kanisani, "Huu ni urithi wa marehemu baba." Alinunua gunia moja, akaliweka karibu na mlango ili wateja walipige picha. Hakuna aliyezichemsha singa zake.

Evodio Tapia, bondia wa mtaani hapo, alitaka jozi ya pambano lake la Agosti. Nabor akamwita Bi Cuca.

"Zikipita kwa wakaguzi wa uzito Jumamosi ya pambano, meza ya singa inarudi. Yako, bibi. Na wasichana wawili uwafundishe. Zisipopita, tunabaki na sponji, na habari ya singa nisiisikie tena."

"Una wiki ngapi?"

"Tatu."

"Kamba peke yake inataka sita."

"Ah, Bi Cuca! Nywele ni nywele. Zianike juani."

"Zako ndizo uzianike juani, zilizobaki."

Wasichana wa cherehani walicheka mpaka mmoja akashona kidole gumba cha glavu upande usiofaa. Nabor alijipapasa utosi, akaondoka.

Bi Cuca alikuwa anakaribia miaka sitini. Asubuhi vidole vyake vilihitaji kikombe kizima cha kahawa ya mdalasini, si kukinywa, kukishika tu, ndipo vikunjike. Alijua kwamba meza ile isiporudi mwaka huu, yeye hataikalia tena, na hakuna mwingine aliyewahi kufundishwa. Akaishusha ile kamba ya nyuma ya mlango.

Ilitosha jozi moja. Aliifumua kwa siku nne. Alijaza kwa kijiti cha mzee, tabaka juu ya tabaka, akisukuma kwa gumba, akifunga macho kusikiliza kwa ngozi kama kuna bonge. Alipomaliza alipima. Kila glavu ilipaswa kuwa wakia nane. Zake zilipungua robo.

"Zimepungua," alisema Nabor, akichungulia mizani juu ya bega lake.

"Nimeacha nafasi ya mvua. Singa hizi zimekaa karibu na jiko miaka kumi na minane, ni kavu kama mkate wa wiki jana. Zitakunywa unyevu. Baba yako alifanya hivi kila Agosti. Usiziguse, Nabor."

"Nimekusikia."

"Kusikia si tatizo lako. Usiziguse."

Mvua ilinyesha Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi asubuhi. Mitaa ilijaa maji mpaka wauza viatu wakainua meza zao juu ya matofali. Mchana Bi Cuca alivaa gauni lake la misa, akapanda teksi na Nabor kwenda ukumbini. Kwenye chumba cha vipimo mkaguzi, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka glavu ya kwanza kwenye mizani.

"Nane na robo."

Akaweka ya pili.

"Nane na robo. Hazipiti. Leteni za akiba."

Za akiba zilikuwa za sponji. Bi Cuca aliomba glavu moja, akaigeuza. Pale kwenye kifundo cha mkono, ambapo yeye huifunga glavu kwa mishono kumi na mmoja, alihesabu saba, mikubwa, inayokimbia kama mtu aliyekuwa anatazama saa. Akamtazama Nabor. Nabor alikuwa anamwambia mkaguzi, kwa upole, mbele ya watu wote, "Tusamehe, kaka. Bibi yetu macho yamechoka."

Bi Cuca alizikusanya glavu zote mbili. Maneno alikuwa nayo, lakini Evodio alikuwa anafungwa bandeji mikono, na bondia hapigiwi kelele saa hiyo. Alikaa safu ya tatu, glavu mapajani, akamwangalia Evodio akishinda kwa pointi pambano ambalo mtaa mzima ulitaraji alimalize raundi ya nne. Kila ngumi ilitua kama mtu anayepiga mto wa kulalia.

Jumatatu alifika wa kwanza karakanani. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Alifumua ile mishono saba, akaingiza vidole viwili, akatoa bonge la singa lililosukumwa juu juu. Halikuwa hata la kamba yake. Lilikuwa la gunia la mlangoni, limenyooka, halijachemshwa, linanuka. Akafanya hivyo na ya pili, akashona kumi na mmoja, kumi na mmoja. Nabor alipoingia, alikuta glavu moja juu ya mizani.

Nane kamili.

Mabonge mawili yalikuwa pembeni. Nabor alichukua moja, akalinusa, akalirudisha.

"Niliogopa watasema zimepungua," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukunielewesha."

Bi Cuca aliyasogeza mabonge yale mawili hadi mbele yake. Nabor alikohoa. "Basi tuzitundike dirishani. Zinapendeza."

"Zitundikwe za nini?" Evodio alikuwa mlangoni, jicho moja limevimba, amelowa. Alipita moja kwa moja, akatia mkono ndani ya glavu, akapiga kiganja cha pili mara moja. Akapiga tena. "Hizi ni zangu, Nabor. Mwezi wa kumi na moja napanda ulingoni nazo. Na asizifungue mtu, labda huyu mama."

"Utahitaji za akiba," alisema Nabor haraka, biashara imemrudia usoni. "Bibi, meza ichukue. Wasichana wawili, kama nilivyosema. Ila hizo za akiba nipe kwa wiki mbili."

Bi Cuca alikuwa ameshainuka. Alilikokota gunia la mlangoni hadi kwenye jiko la karakana, peke yake, akawasha moto chini ya sufuria kubwa.

"Wiki sita," alisema.

"Tatu, bibi. Tusaidiane."

Alichukua nyundo, akaenda kwenye ukuta wa zamani wa singa, ambako sasa ilining'inia kalenda ya kampuni ya sponji. Aliitoa, akampa Nabor aishike, akaanza kupigilia msumari.

"Nne basi! Bi Cuca, unanisikia?"

Alipiga mpaka msumari ukashika.