Majani Katikati ya Barabara

Katika mgahawa wangu hapa Lusahunga kuna televisheni niliyoitundika juu ya friji la soda. Madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo huniomba niiwashe wakati wanasubiri wali, na mara nyingine wanakuta kipindi cha mbio za magari. Mtangazaji anakumbusha kwamba leo imetimia miaka kadhaa tangu fulani ashinde, au tangu gari fulani lipinduke mara mbili na dereva atoke mzima akipunga mkono. Hapo ubishi huanza.

"Hizo ndizo zilikuwa mbio! Siku hizi wanaendesha kama wamebeba mayai."

"Wewe ulizionea wapi? Mwaka huo ulikuwa unanyonya."

Mimi huwawekea sahani mezani na kurudi jikoni. Mbio ninazozikumbuka mimi hazijawahi kuonyeshwa kwenye kipindi chochote, ingawa nyumbani kwetu tuliziadhimisha kila mwaka, na kwa bidii kuliko Krismasi.

Nilikuwa darasa la pili, kwetu Runazi, habari zilipofika kijijini kwamba magari ya mbio yatapita kwenye barabara yetu ya vumbi. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kuwa watoto na mbuzi wakae mbali. Hakuongeza neno. Baba yangu, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akaoa Msubi, mwenyeji wa hapo, na kubaki, aliona si vizuri wageni wa namna hiyo wapite bila kupokewa. Akija kiongozi, njia hupambwa kwa matawi. Basi na hawa wapambiwe. Baba mdogo, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwepesi asiye na mke, alipanda juu ya mkaratusi na kuanza kukata. Sisi watoto tuliyakokota matawi hadi kwenye kona iliyo chini ya shamba letu, mikono ikinukia ile harufu kali ya majani mabichi. Baba akayatandika katikati ya barabara, vizuri kabisa, kama mkeka.

Hakuna aliyekumbuka kwamba kwa dereva majani barabarani yana maana moja tu: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Sisi tungekumbukaje? Kijiji kizima hakikuwa na gari.

Tulisikia mlio kabla ya kuona vumbi. Gari la kwanza lilitokea kwenye kona likienda ubavu ubavu, likayaona majani, likafunga breki. Liliserereka mpaka karibu na miguu ya baba, likasimama. Dereva akatoa kichwa nje, kofia ngumu imembana mashavu.

"Mzee, gari gani limekufa huko mbele?"

"Hakuna gari, bwana. Karibuni."

"Sasa majani ya nini?"

"Ya kuwakaribisha."

Mwenzake aliyekaa kando, mwenye makaratasi ya njia mapajani, alikuwa akipiga kelele, "Twende! Twende, bwana!" Lakini dereva alikuwa ameshaanza kucheka. Mama naye, kwa kuwa mgeni amesimama, alifanya kama mgeni anavyofanyiwa. Alipenyeza hindi la kuchoma dirishani, likatua juu ya yale makaratasi. Wakati huohuo gari la pili likawapita, likatumwagia vumbi sote.

"Mzee, leo umeniponza," dereva alisema, akang'ata hindi, akaondoka nalo mkononi.

Hatukujua kamwe kama alimpata yule wa mbele. Magari mengine yalipita, na jioni kijiji kilikuwa na mazungumzo ya kutosha mwaka mzima. Wengine walimtania baba. Wakimkuta njiani walimwuliza, "Bwana, leo umesimamisha nini? Ndege?" Yeye hakukasirika. Alisema wenzake waliona vumbi tu, lakini yeye alizungumza na dereva.

Mwaka uliofuata, siku ileile, magari hayakuja. Hayakuja tena kamwe. Baba akaenda hata hivyo kwenye kona, akafagia, akaweka matawi pembeni mwa barabara ili asimponze mtu mwingine. Tukakaa kwenye ukingo kungoja. Chombo cha kwanza kupita, chochote kile, tulikipigia makofi, na mama akampa dereva hindi. Mwaka mmoja lilikuwa lori la pamba. Mwaka mwingine alikuja mzee mwenye baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi. Tulimshangilia mpaka akashuka kuangalia kama tairi limepasuka. Kila mara baba alisimulia upya, na sisi tulijua kila neno, pamoja na mahali pa kucheka.

Mama alitangulia. Baba alimfuata kabla mdogo wetu wa mwisho hajaanza shule. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwa wavulana wawili na huyo msichana mdogo. Nilikuwa darasa la sita, na sikurudi tena darasani.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao. Shangazi angewachukua wavulana, na mimi ningetafutiwa kazi za ndani mjini. Mdogo wetu angelelewa na baba mdogo, ambaye siku hizo alikuwa na mke na duka Kabanga, mpakani kabisa. Hawakuwa watu wabaya. Waliona watoto wanne hawawezi kukaa peke yao. Niliomba wanipe msimu mmoja. Walitazamana, wakakubali, labda kwa sababu walikuwa wamechoka. Tukalima mahindi na maharage, na muhogo ulikuwepo tangu enzi za mama. Wavulana walikwenda shule, mimi nilikuwa shambani na jikoni. Tulishiba, si kila siku.

Mahindi yalipokomaa, baba mdogo alituma salamu: anakuja kumchukua mtoto. Nilikunja gauni lake moja la kutokea na mawili ya nyumbani, nikayafunga kwenye kanga ya mama, nikaliweka furushi mlangoni.

Asubuhi hiyo mkubwa wa wale wavulana aliniuliza, "Dada, leo ndiyo siku ya magari. Tunaweka?"

"Wekeni nyie," nilimjibu. Sikuwa na moyo huo.

Lakini mdogo wetu alikuwa ameshatoka. Nilipomfuata nilimkuta kwenye kona, anakokota tawi lililomzidi urefu. Wavulana walikuwa wanaweka yao pembeni kama tulivyozoea. Yeye alitandika yake katikati ya barabara, kwa sababu hivyo ndivyo hadithi ilivyosema. Kabla sijamwambia ayaondoe, pikapu ilitokea, ikapunguza mwendo, ikasimama.

Wavulana walipiga makofi, kisha wakaacha ghafla. Aliyeshuka alikuwa baba mdogo.

"Gari gani limekufa hapa?" aliuliza, akitazama mbele.

Mdogo wetu, ambaye hakumkumbuka vizuri, alijibu kwa sauti ya baba kabisa, kifua mbele. "Hakuna gari, bwana. Karibuni."

Baba mdogo aliyatazama majani. Kisha akauliza polepole, "Sasa majani ya nini?"

"Ya kuwakaribisha."

Akamkimbilia dereva wa pikapu na hindi la kuchoma alilokuwa ameliweka ukingoni, akalipenyeza dirishani. Baba mdogo alikaa kwenye ukingo, palepale alipokuwa akikaa kaka yake, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Nilimsogelea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kamfundisha?"

"Sisi sote."

"Yeye hata hakuwa amezaliwa." Alitazama mkaratusi ambao yeye mwenyewe aliupanda kukata matawi siku ile, halafu shamba, halafu wale wavulana waliosimama na matawi mikononi. "Na mahindi ni yenu?"

"Ni yetu. Tumeyalima hapa hapa."

Dereva wa pikapu alikuwa anatafuna. Mwisho baba mdogo akasema, "Nikimchukua huyu, mwakani nani ataweka majani katikati? Nyie mmekuwa watu wazima, mnaweka pembeni."

Alishusha sukari, chumvi na sabuni alizokuwa ametuletea. Dereva akamwuliza, "Mzee, sasa tunaondoka na nani?"

"Tunaondoka na mahindi," alisema. Tukampakilia nusu gunia.

Kila mavuno baada ya hapo alikuja kututazama, na kila mara siku ileile. Wadogo zangu wote walimaliza shule. Yule mdogo ana duka lake Ngara sasa, na siku hiyo ikikaribia hunipigia simu kuuliza mahindi yamefikia wapi, kana kwamba mimi ndiye ninayeweza kusahau. Hukutana sote kwenye kona. Majani huwekwa pembeni, ila tawi moja dogo ambalo yeye hulisogeza katikati akidhani hatumwoni.

Siku ile pikapu ilipoondoka, nilirudi nyumbani nikalikuta furushi mlangoni. Nilifungua kanga ya mama, nikatoa magauni matatu, nikayarudisha kwenye msumari wake ukutani.