Injini Kwanza, Neno Baadaye

Nimekula jasho langu kwenye forodha ya Busia, nikiwatolea watu mizigo mpakani, na kazi hiyo ilinifunza kwamba mtu aliyecheleweshwa hasikii lolote unalomwambia. Dereva aliyelala ndani ya lori kwa sababu ya karatasi, hata umletee habari ya mwisho wa dunia, atakuuliza tu kama muhuri umegongwa. Wenzangu wa kanisani hawakulijua hilo.

Kanisa letu la mjini lilikuwa limemtuma mwinjilisti mmoja kijijini Mwello, huko Tororo upande wa Uganda, naye akakusanya waumini wachache kwenye banda la mabati. Waliomlisha ni wafadhili wa ng'ambo. Siku walipoacha kutuma, wazee wa kanisa wakaitisha kikao ili waandike barua nyingine ya kuomba. Nikawaambia nimechoka kuona watu wazima wenye afya zao wakinyoosha bakuli, ilhali watu wa Mwello wanalima mihogo na wimbi na mashine ya kusaga iko mbali. Tuweke mashine pale, mwinjilisti aiendeshe, imlishe yeye na familia yake. Walinitazama kama niliyeingia kikaoni na chupa ya pombe. Mwishowe walikubali, kwa sharti moja: kama mashine haitakuwa imemlisha kufikia mavuno yajayo, arudi mjini na banda lifungwe.

Niliinunua upande wa Kenya na kuivusha kwa ushuru wake wote, ingawa vijana wa bodaboda walijitolea kunionyesha njia za panya. Sikutaka kazi ya Mungu ianze kwa kujificha.

Mwanzoni akina mama walijaa, na mwinjilisti akaona Bwana amemletea mkutano wa hadhara kila asubuhi. Hakuwasha injini mpaka amalize kuhubiri. Alianzia bustani ya Edeni, akapita kwa manabii mmoja mmoja, na beseni za muhogo zikangoja kwenye foleni. Akina mama, kwa adabu zao, waliitikia amina. Mimi nilikuwa Busia, naambiwa kwa simu kwamba neno linakwenda vizuri.

Nilipofika kuangalia mwenyewe nilikuta sakafu safi. Mashine inayofanya kazi haina sakafu safi, hata ufagie namna gani. Mwinjilisti akanieleza kwamba mioyo ya watu wa pale ni migumu. Niliondoka nimenuna, na njiani nikakutana na mama mmoja mwenye beseni kichwani, ameshaipita mashine yetu, anaelekea ile ya mbali. Nikasimamisha bodaboda nikamuuliza kwa nini.

"Mama, usikasirike," akaniambia. "Neno ya pasta ni tamu sana. Lakini watoto nangoja chakula. Kule mguu nauma, lakini nafika nyumbani mapema."

Niligeuza bodaboda palepale. Mwinjilisti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama.

"Dada, mimi niliitwa kuhubiri. Sikuitwa kusaga."

"Uliitwa kwa watu," nikamwambia, "na watu hawa wana njaa. Injini kwanza."

Akasema nimekaa na malori mpaka nimekuwa kama wao. Huenda ni kweli, lakini sikuondoka. Nililala kwake, mkewe akanitandikia pamoja na watoto, na asubuhi nikaiwasha injini kwa mikono yangu. Kisha nikaongeza sheria nyingine iliyomuudhi zaidi. Wenye mashine wa kwetu wana desturi ya kuupiga mara moja tu ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoteremshia unga kwenye beseni. Unga unaoganda ndani huwa mali yao, na jioni wanaukung'uta kulisha kuku. Nilimwambia mfuko wetu utakung'utwa mpaka mwisho, mbele ya mwenye unga. Akauliza kuku wake watakula nini. Nikamjibu kuwa kuku hawakutumwa na kanisa.

Wanawake walirudi polepole, mmoja akimwambia mwingine. Mavuno yalipofika, mashine ilikuwa inamlisha vizuri na banda halikufungwa. Lakini kwenye simu sauti ya mwinjilisti ilikuwa ya mtu aliyeshonwa mdomo. Alisaga, alikung'uta, aliuliza nani mtoto wake ana homa na nani mume wake hajarudi, basi. Bandani Jumapili waumini walikuwa walewale. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza huo ni utume gani, tofauti yake na biashara ya mtu yeyote ni ipi. Swali lile liliniuma kuliko alivyodhani. Hata hivyo sikukubali mashine irudi kwenye mahubiri ya foleni.

Kisha mama mkwe wa yule mama wa beseni akafariki. Nyumba ile hakuna aliyewahi kukanyaga bandani kwetu. Nilikuwa Mwello siku hiyo, tunabadilisha chujio, mjumbe alipokuja kusema familia inamwita yule mtu wa mashine. Mwinjilisti alikwenda na unga kwenye shati. Walimpa kiti upande wa wafiwa badala ya upande wa wageni.

Alipoombwa kusema neno, alimzungumzia marehemu. Alisema bibi huyo alikuwa akileta wimbi lake akiwa amelipepeta na kulichagua mpaka hakuna hata mchanga, na hakuruhusu mtu mwingine alimimine kwenye mashine, hata mikono yake ilipoanza kutetemeka. Alisema Mungu naye ameuona upepetaji ule. Akaomba kwa ufupi, akaketi. Alikuwa amezoea kumaliza mapema.

Kisha yule mama wa beseni akainua uso pale mkekani.

"Pasta, usikae," akasema. "Sema ingine. Leo hapana mtu nakimbia."

Mwinjilisti akanitazama mimi, mimi niliyemfunga mdomo, kana kwamba anaomba ruhusa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. Nikamkubalia kwa kichwa. Akasimama tena, akafungua Biblia mwanzo kabisa, nami nikatafuta mahali pazuri pa kuegemea.