Ndege Yenye Viti Vichache

Dada yangu alitafuta mtoto kwa miaka mingi, kwa hiyo aliposhika mimba huko Marekani, mama alianza kujiandaa siku hiyo hiyo. Huku kwetu Kirua Vunjo binti akijifungua, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto na kumpikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka nguvu zimrudie. Mama akamenya ndizi mshare, akaanika, akasaga unga, akasema nyama ataikuta huko huko. Tatizo lilikuwa mguu wake wa kushoto. Damu iliwahi kuganda ndani yake, akalazwa. Daktari alisema safari ndefu namna ile ataikubali kwa sharti moja tu, mama apate nafasi ya kuunyoosha huo mguu.

Dada hakuona shida. Alikuwa amepata ndege inayotoka nchi za Ghuba, Uarabuni, mpaka kwao bila kutua popote, na tangazo lake lilisema ina viti vichache kuliko nyingine za aina ile, eti abiria anakaa kwa raha. Njia ya kupumzika pumzika ilitaka kubadilisha ndege viwanja kadhaa badala ya kimoja, na mama peke yake asingeweza. Kiingereza hajui, na akichanganyikiwa hukaa kimya. Ikawa ni ndege hiyo au asiende kabisa. Daktari akataka uhakika wa hiyo nafasi, na wote wakanigeukia mimi, kitinda mimba, kwa sababu nawakatia watalii tiketi pale mjini Moshi. Nilikasirika. Kila jambo zito la nyumba ile lazima liniangukie mimi!

Basi nikakagua. Tangazo halikusema uongo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Viti vilikuwa vichache kweli. Ndege inayokwenda mbali namna ile hubeba mafuta mengi mno, kwa hiyo watu hupunguzwa. Lakini nilipofungua ramani ya viti nikaona wamepunguza wapi. Ni kule mbele, kwa wenye pesa zao, ambako wamewekewa vitanda. Nyuma, kwa watu wa aina yetu, safu zimebanana vile vile. Nikatafuta ramani za ndege zao za safari fupi, nikalinganisha. Nikaiandikia ofisi yao, wakajibu kwa adabu tele kwamba umbali kati ya safu ni ule ule. Vile viti vya mlangoni vyenye nafasi ya miguu navyo hawampi mtu asiyeweza kusaidia kufungua mlango wa dharura.

Mama alisema nisimtishe na makaratasi. Nikachukua futi ya fundi, nikapanga viti viwili vya sebuleni kwa kipimo kile, nikamwomba akae. Akakaa, mkoba mapajani. Magoti yakagusa kiti cha mbele, na ule mguu ukakosa pa kwenda. Nilisimama pembeni, roho inaniuma, natamani niwe nimepima vibaya. Akasema benchi za kanisani zinabana kuliko hivyo. Nikamwambia hata mchungaji wetu, pamoja na maneno yake yote, hahubiri mpaka kesho yake. Hakucheka. Alibaki pale kwenye kiti mpaka nikaona aibu kumtazama.

Daktari alipoona vipimo vyangu akakataa. Dada alinipigia akalia, kisha akanitukana, akasema nimezoea kupikiwa na mama, sitaki kumwachia hata kwa miezi michache. Nilimjibu kwamba heri yeye anichukie, lakini mama awe hai. Tukakaa wiki nyingi bila kusemezana, na mama naye akawa ananijibu kwa mkato tu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Dada alipiga simu ya video, nami nikampelekea mama bandani, alikokuwa akiwakatia ng'ombe majani. Alimtazama mjukuu, akashukuru Mungu, akamwita kwa Kichagga majina yote matamu anayoyajua.

"Nani anakukanda?" akauliza.

"Najikanda mwenyewe, mama."

Mama alinirudishia simu, akaendelea kukata majani. Dada alikuwa bado yupo kwenye kioo, ananitazama.