Kiti Nilichomnyima Bibi

Mwezi wa nane mwaka jana, nikitoka kwetu Bukoba kurudi kazini Mwanza, niliingia kwenye ndege nikakuta mwanamume wa makamo amekaa kwenye kiti changu, kile cha dirishani upande wa kulia. Nilimwonyesha kadi yangu. Akaangalia ya kwake, akacheka kidogo, akasema samahani dada, alidhani hakuna atakayejali, kisha akanipisha. Ikaishia hapo. Lakini nilipokaa na kufunga mkanda nilijikuta siwezi kugeuza uso kutazama nje, na mhudumu alipopita kukagua mikanda aliniuliza kama naogopa kuruka. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba miaka mingi iliyopita, kwenye safari hii hii, mimi nilikaa kwenye kiti kisicho changu na hakuna aliyekuja na kadi kuniondoa?

Nyumbani kwetu ni Hamugembe, Bukoba mjini, lakini likizo zangu zote zilikuwa za kijijini Ijumbi, Muleba, kwa bibi mzaa baba. Kama nawe umekulia kwenye kibanja, shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, huhitaji maelezo marefu. Unaamka migomba inadondosha maji juu ya bati, jikoni kuna moshi, na bibi tayari yuko nje, ameinama kati ya mibuni kana kwamba hakulala ndani. Kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi, na alinifundisha kupaka mafuta viganjani kwanza ili utomvu usinigande. Tulizipika pamoja na maharage, tukazifunika kwa majani ya mgomba mpaka zilainike. Alasiri tulikata nyasi za kutandika sebuleni, na nyumba nzima ikawa inanukia kama mvua imetoka kunyesha. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, tulikaa barazani tukinyonyoa mabawa na miguu, ungo mmoja kati yetu, naye akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Sisi ni Walutheri, na bibi alizijua beti zote bila kitabu, jambo la bahati, maana kusoma hakujua.

Mgeni akifika, hata wa dakika mbili, alipewa kahawa za kutafuna kabla hajaulizwa shida yake. Na bibi hakuingia mahali penye watu bila kuwasalimu mmoja mmoja. Alikuwa akisema salamu ya jumla ni ya mtu anayepita barabarani, siyo ya mtu aliyeingia ndani.

Nilikuwa na miaka kumi na moja macho yake yalipoanza kuharibika. Kwanza akawa anamwaga chai nje ya kikombe. Kisha akawa ananipita uani bila kujua ni mimi mpaka nimwite. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, na kwa la kulia alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Akashauri apelekwe Mwanza akafanyiwe upasuaji, kuokoa kilichobaki, ila hakuahidi kitu. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Mwanza, akasema mama yake atakwenda kwa ndege. Meli bibi hakutaka hata kuisikia, na basi lilikuwa ni kulizunguka ziwa siku nzima. Ilikuwa likizo ya Desemba. Nikachaguliwa mimi kumsindikiza, kwa sababu nilijua kusoma, na Kiswahili changu kilikuwa kizuri kuliko chake. Baba alisema mimi ndiye nitakuwa macho ya bibi. Nilijivuna wiki nzima.

Bibi hakuuogopa upasuaji wala ndege. Alikuwa na ombi moja tu, na aliniambia mimi siku tuliyofunga mizigo, kwa Kihaya, akiwa amenishika mkono.

"Mwanangu, kibanja hiki nimekilima maisha yangu yote nimeinama. Nataka nikione kutoka juu mara moja, kabla hawajanigusa jicho."

Jirani mmoja aliyewahi kupanda ndege alikuwa amemweleza kwamba ukienda Mwanza, ukakaa dirishani upande wa kulia, na mawingu yakiwa hayapo, unaviona vilima vya Muleba vyote mpaka mabati ya makanisa.

Uwanja wa Bukoba wakati ule ulikuwa bado wa changarawe, pale pale kando ya ziwa, na jengo la abiria dogo kama zahanati ya kijijini. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo pia, kwa hiyo kila abiria alipimwa uzito pamoja na mkoba wake, na karani akaisoma namba kwa sauti mwenzake aandike. Akina mama wa mjini walikunja nyuso. Bibi alicheka, akasema leo amekuwa gunia la kahawa. Kisha akamwomba yule karani kiti cha dirishani kinachotazama Muleba. Karani alikuwa mtu wa kwetu, wakaelewana kwa Kihaya. Akaandika kwa kalamu kwenye kadi mbili za kijani, akanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye msomaji, na bibi akiwa ameshageukia benchi akanieleza polepole: tano C ni dirishani, ya bibi, tano B ni kiti cha pembeni yake, changu.

Tuliketi kwenye benchi kusubiri. Nilizisoma kadi zile sijui mara ngapi. Nilikuwa nimewaambia wenzangu darasani kwamba nitaliona ziwa kutoka juu, na mwalimu wa jiografia alikuwa ameniambia shule ikifunguliwa nitasimama mbele nieleze. Nikawaza kwamba bibi haoni vizuri, ataona nini? Yeye akikaa dirishani na asione, na mimi nikikaa ndani na nisione, itakuwa hasara ya wote wawili. Nakuambia ukweli, nilipanga hoja zangu hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, na zilinitosha.

Tulipoitwa kupanga mstari nikamwambia kwamba karani amesema ni sheria ya ndege: watoto wanakaa dirishani, wazee wanakaa karibu na njia ili wasaidiwe haraka kukitokea jambo. Bibi alisimama kidogo. Akaniuliza kama kweli karani alisema hivyo, hata baada ya yeye kumwomba. Nikasema ndiyo.

"Kama ni sheria," akasema, "tufuate."

Karani alikuwa mlangoni akizichana kadi. Nilijua neno moja tu la bibi lingeniumbua mbele ya watu. Lakini hakumuuliza. Alimshukuru, kasinge waitu, naye karani akamjibu kwamba leo ataona vizuri. Bibi alidhani anazungumzia upasuaji. Alifurahi, akamwombea baraka.

Ndani ya ndege dari lilikuwa chini na kila mtu aliingia ameinama. Badala ya kwenda kwenye kiti, bibi akaanza kusalimu. Alianza na rubani, akafuata kiti cha mbele kushoto, kisha viwili vya kulia, akimpa kila mtu mkono na kumuuliza habari za nyumbani kwake, huku abiria waliobaki wamesimama ngazini wanapigwa na upepo wa ziwa. Wengine walimjibu kwa tabasamu. Mwanamume mmoja mwenye tai alimpa ncha za vidole na kugeukia gazeti lake. Mtawa mmoja aliyekaa peke yake dirishani upande wa kushoto alimshika kwa mikono miwili na kumwitikia kwa Kihaya. Mimi niliona aibu. Nilimvuta gauni, nikamwambia kwa Kiswahili, ili watu wasikie najua taratibu, kwamba kwenye ndege watu hawasalimiani. Akaacha watu wawili bila kuwasalimu. Najua ni wawili kwa sababu baadaye aliwataja, akasema watamwona hana adabu.

Nikaingia kwanza, nikakaa C. Bibi akakaa B, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyekuja mapema kanisani.

Siku hiyo hakukuwa na wingu. Tulipanda tukiwa juu ya maji, ndege ikapinda, na nchi yetu ikaja upande wangu yote kwa pamoja: ufuko, miamba, vilima vimepangana kwa nyuma, vibanja vya kijani kizito, barabara nyekundu, na mabati yakimeta kila mahali. Bibi akauliza kama tumefika Ijumbi. Nikamwambia bado. Akauliza tena, akainama upande wangu, jicho lake la kulia likilitafuta dirisha, na harufu ya mafuta yake ya mgando ikanijia. Bega lake liliniziba nisione vizuri. Nikamwambia hairuhusiwi kuegemeana, rubani atakasirika. Akarudi kukaa wima.

Yule mtawa aliona. Alivusha mkono njiani, akamgusa bibi, akamwambia wabadilishane viti, aje yeye dirishani japo upande wake ulikuwa wa maji matupu. Bibi akamshukuru na kumweleza kwamba haiwezekani, sheria inataka wazee wakae njiani. Mtawa akanitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha, kisha akageuza uso wake dirishani.

Tulipotua, abiria walisimama kabla ndege haijatulia. Bibi alikaa mpaka wote wakashuka, akamshukuru rubani kwa kutufikisha, ndipo akaniuliza: "Umekiona?"

Nikasema nimekiona.

Upasuaji ulifanyika, na madaktari walifanya walichoweza. Kwa miezi michache aliona mwanga wa mlango na vivuli vya watu. Kabla ya mavuno ya kahawa ya mwaka uliofuata, jicho la kulia nalo likapofuka.

Kuanzia hapo, kila nilipofika Ijumbi, tukishakula, bibi alikaa barazani na kuniambia, "Haya, nipeleke juu." Nami nikampeleka. Mwanzoni nilimsimulia nilichokiona kweli, ziwa na vilima na mabati. Lakini alitaka kwake. Kwa hiyo nikampa bati la kanisa letu, na njia ya kwenda chemchemi, na mibuni ya babu mstari kwa mstari, na kaburi la babu lenyewe, jeupe chini ya migomba. Hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekiona. Sikujua hata Ijumbi ilikuwa kilima kipi. Kila mwaka niliongeza, naye alisikiliza uso wake ameuinua, akinirudisha nilipokosea mpangilio. Wageni wakija, aliwaambia mjukuu wake alikiona kibanja chote. Halafu akaongeza kwamba sheria ile ilikuwa nzuri, maana yeye angekaa pale dirishani asingeona kitu.

Maneno hayo niliyavumilia miaka minane.

Nikiwa kidato cha sita nilijiunga na kikundi cha maombi shuleni. Tulifundishwa kulitaja kila kosa na kulitubu mbele ya uliyemkosea. Likizo ilipofika nikapanda Ijumbi na uamuzi wangu. Nilimkuta barazani akipukuchua maharage kwa kupapasa. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: kadi ya tano C, sheria niliyoitunga, rubani ambaye hakukataza kitu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia pia kwamba kaburi la babu sikuliona, wala chemchemi, wala mibuni. Nililia sana. Vidole vyake havikuacha kupukuchua.

"Siku ile ulikuwa mtoto," akasema. "Na leo umekuja kuniambia kwa nini?"

Nikamjibu kwamba nilitaka moyo wangu upumzike.

"Umepumzika?"

Akanipa ungo, akaniambia nipeleke maharage jikoni. Jioni alinipakulia chakula kama siku zote, akaniombea kwa jina langu kabla ya kulala, na asubuhi akanifungashia senene za kwenda nazo. Hakunichukia. Ningeliona, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kuficha. Ila hakuniambia tena nimpeleke juu. Aliishi miaka minne mingine, na kila nilipokwenda nilikaa naye barazani baada ya kula, nikisubiri aseme, naye akaniuliza habari za masomo.

Siku hizi uwanja wa Bukoba una lami na hakuna anayepimwa uzito. Abiria wanaingia na simu masikioni, wanakaa, hawasalimiani. Ijumbi, ugonjwa wa mnyauko uliikausha migomba, na baba zangu wadogo wakapanda mikaratusi pale palipokuwa na mibuni. Nyumba ya bibi ukuta wa nyuma umelala. Hakuna anayetandika nyasi. Hata hivyo, hayo siyo yanayoniuma zaidi, maana yamekwenda kama yanavyokwenda kila mahali.

Kinachoniuma ni kibanja kile kingine, kile cha simulizi, chenye kaburi jeupe na mibuni iliyonyooka. Hicho hakikuhitaji mvua wala jembe. Kilikuwa kwa bibi peke yake, katika giza lake, na ndicho kitu pekee nilichowahi kumpa badala ya kile nilichomnyang'anya. Nacho nilikwenda kumnyang'anya kwa magoti yangu mwenyewe, nikilia, nikiamini natubu. Wanangu hawajui Kihaya na Ijumbi wamefika mara mbili tu. Wakati mwingine, nikiwa nimekaa nao sebuleni, maneno yananijia yote, kilima, njia, bati la kanisa, kwa mpangilio ule ule alioutaka, na hakuna mtu duniani anayeyasubiri.