Mpangaji Anayepima Mtetemo

Ninyi waandishi mmenisumbua tangu juzi niwaeleze habari za mpangaji wangu, mimi niliyeishia darasa la pili, na wenzake wa chuo mnao. Haya. Kila kitu anakishikanga kwa ncha za vidole, hata ugali. Sahani yake anaiosha kabla hajameza tonge la mwisho. Fuwele anazozipima huko chuoni, anasema, ni kama chapati: tabaka gumu la madini, tabaka laini kama mafuta, tena madini, kila moja jembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Huzimulika kwa mwanga mkali ajue chembe za ndani zinavyotetemeka. Mwaka huu zote zilimwungulia chini ya huo mwanga. Ilibaki moja, na bila kipimo chake hapati shahada ya udaktari anayoisomea.

Mchana ule nilikuwa kwenye kichuguu, nagonga gogo kwa vijiti ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Akaja na sahani yake.

“Kukhu, mbona unagonga pole hivyo? Ongeza nguvu watoke haraka,” akasema, akiniita nyanya kwa lugha yetu.

“Ongeza wewe kwako. Ukiwatisha wanarudi chini, unabaki na udongo.”

Akaacha kutafuna. Akaweka kiganja ardhini, akakaa hivyo mpaka kumbikumbi wa kwanza akamtembea kidoleni. Kisha akakimbilia chuoni, sahani akaiacha nyasini, chafu.

Jioni alirudi akaiokota, akaiosha. “Nilipunguza mwanga, Kukhu. Ile fuwele ya mwisho haikuungua.” Vidole vyake viligonga ukingo wa sahani, polepole.

Sasa ninyi mnaoandika, wekeni kalamu chini mshike vijiti. Mkono wangu umechoka, na kumbikumbi hawangoji.